Safu ya Waliokwama

Tulimzika Dativa mwezi uliopita huko Muleba, pembeni ya migomba ya baba yake. Wasifu wa marehemu ulisomwa na kijana wa ofisi yetu ya zamani, mwenye sauti nzuri, ambaye mambo aliyokuwa akiyasoma yalitokea yeye akiwa bado anavaa kaptula za shule. Alisoma kwamba marehemu ndiye aliyeanzisha utaratibu wa kila Jumatano kumkalisha mtumiaji mbele ya mfumo kabla mfumo haujatoka, ili ionekane anakwama wapi, na kwamba alilifanya hilo “kwa ushirikiano wa wenzake wote”. Watu wakaitikia kwa vichwa. Mimi miguu ikaanza kuniwasha, nikatoka kwenye turubai nikaenda kusimama barabarani. Mke wangu alinifuata akidhani ni presha. Haikuwa presha. Mimi ni mmoja wa hao wenzake wote, na mke wangu mwenyewe anaijua nusu tu ya habari hii. Tulirudi Mwanza kupitia Busisi. Siku hizi unavuka darajani bila hata kupunguza redio, lakini kabla ya kufika pale kuna njia ya vumbi inayoshuka hadi zahanati moja ambayo sitaitaja, na nilimwomba mke wangu ashike usukani yeye, maana nilikuwa nageuza shingo kila baada ya kilomita. Tangu siku hiyo sijatulia. Nakaa, nainuka. Bora niandike.

Mwaka ule nilikuwa na miaka ishirini na sita na kukaa ndiyo ilikuwa kazi ngumu kuliko zote. Ofisi yetu ilikuwa ghorofani pale Kirumba, juu ya duka la nyavu na kamba, vyumba viwili na kibaraza. Dirisha la chumba kikubwa lilitazama upande wa soko la samaki la Mwaloni, kwa hiyo harufu ya dagaa tuliihesabu kuwa mfanyakazi mwenzetu, na siku za mechi kelele za uwanjani zilitupa matokeo kabla ya redio. Tulikuwa watano kwenye meza nne. Saa nne tulikunywa chai kwa michembe, vile viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa, iliyochemshwa na karanga, na saa saba Mama Zawadi, aliyekuwa akipika chini uani, alipanda ngazi na sufuria zake: wali na maharage, au ugali na sato kama bosi wetu ameamka vizuri. Bosi huyo tulimwita Injinia, na sidhani kama kuna aliyewahi kumwita kwa jina lake. Mimi niliandika mistari kumi ya programu, nikainuka, nikaenda dirishani, nikarudi. Injinia alinipenda kwa sababu nilikuwa na haraka, na mimi nikadhani haraka ndiyo akili.

Kazi yetu kubwa ilikuwa mfumo wa kuandikisha wajawazito kwenye zahanati za kando ya ziwa. Badala ya daftari, muuguzi angejaza kwenye tableti, na hospitali ya wilaya ingejua mapema ni nani anatarajiwa kujifungua, wapi, lini. Ukurasa wa kumwandikisha mama ulikuwa wangu, na niliupenda kama mtu anavyopenda shati la kwanza alilojinunulia mwenyewe. Kwenye daftari la zamani palikuwa na mstari mmoja wa jina la mume, wauguzi wakiandika “Masalu” na kuishia hapo, na akina Masalu wa kata moja wanaweza kujaza uwanja wa mpira. Mimi nikaweka visanduku vitatu, jina la kwanza, la kati na la ukoo, na nikahakikisha kimoja kikiachwa kitupu yanatokea maandishi mekundu na ukurasa unagoma. Sasa jina la kati la mume ni jina la baba yake, yaani baba mkwe wa huyo mama anayeandikishwa, na la ukoo ni la wazee wa huyo baba mkwe, nalo halitajwi. Na mimi nimezaliwa Misungwi. Tangu nimjue mama yangu sijawahi kumsikia akilitamka jina la babu. Alisema “mzee wa kule”, basi. Wanawake wengi wa kwetu wa rika lake walikuwa hivyo, ni heshima, hakuna anayekukalisha chini kukufundisha, unakua ukiijua. Nilikuwa naijua. Lakini nikishakaa mbele ya kompyuta nilijiona mtu wa kompyuta, na mambo ya nyumbani niliyaacha ngazini pamoja na viatu vya tope.

Dativa alikuja mwezi wa nne. Alikuwa mrefu, mpole wa sauti, asiyecheka ili kukufurahisha, na siku ya kwanza alituwekea mezani kopo la senene wa kukaanga wa kwao Muleba kisha akakaa akasoma ukurasa wangu asubuhi nzima bila neno. Aliajiriwa kuandika kitabu cha maelekezo ya mfumo. Wiki ya pili tukamsikia akizungumza na Injinia chumba cha pili. Ukuta ulikuwa wa plaiwudi, na sisi tuliacha kutafuna ili tusikie vizuri.

“Siwezi kuandika maelekezo ya kitu ambacho sijaona mtu akikitumia,” alisema.

“Tumekijaribu wote hapa,” akajibu Injinia.

“Ninyi mlikitengeneza, mzee, mnajua njia. Nipe mtu asiyejua. Nipe muuguzi mmoja, siku moja.”

“Avuke ziwa aje hapa tumwangalie tu?”

“Ndiyo, mzee. Tumwangalie, na tunyamaze.”

Injinia alicheka mpaka akakohoa, lakini alimpa siku yake. Dativa akatoka, akatupanga kama mwalimu wa zamu. Humpimi yeye, alisema, unaupima mfumo. Usimwelekeze. Akikuuliza, mwulize yeye anaonaje. Usigune, usinyooshe kidole, usiitikie kwa kichwa. Na mgeni akikwambia mfumo ni mzuri, hiyo ni adabu, usiiandike. Alikuwa amenunua kauntabuku mpya akaipiga mistari kwa rula, safu mbili: amefaulu, amekwama. Kisha akanigeukia mimi. “Masanja, wewe utaweza kunyamaza?” Wenzangu walicheka kwa muda mrefu, na mimi nikachukia. Leo vijana wanakaa kimya mbele ya mtumiaji bila shida, wamezaliwa nayo. Kwangu ilikuwa kama kuambiwa nimtazame mtu akivaa shati langu nje ndani na nisiseme.

Muuguzi aliyekuja aliitwa Sista Kabula, mwanamke wa miaka kama arobaini na tano, mfawidhi wa zahanati yake, yaani ndiye aliyekuwa mkuu pale. Alikuwa amevuka na kivuko cha asubuhi kutoka Busisi hadi Kigongo na sare yake ilikuwa bado imenyooka. Nikamwamkia shikamoo, akaitika marahaba, akauliza habari za nyumbani kwetu kabla ya kugusa chochote. Dativa alimwomba Mama Zawadi ajifanye mama mjamzito anayekuja kuandikishwa, na Mama Zawadi, ambaye watoto wake wote walishakua, alifurahi sana, akashika kiuno na kuketi kwa shida. Walianza vizuri. Sista Kabula alijaza jina, umri, kijiji, mimba ya ngapi. Ndipo Injinia akachungulia mlangoni. Wafadhili walikuwa wamefika bila taarifa na alitaka Dativa awasalimie. Dativa akanipa kauntabuku. “Andika wewe,” alisema. “Kila kitu.”

“Jina la mume?” akauliza Sista Kabula.

“Ng'wandu.”

“La kati?”

Mama Zawadi akacheka kidogo akaangalia dirishani. “Sista, na wewe. Hilo si unajua.”

“Najua, dada. Lakini hii inalitaka.”

“Basi iache.”

Sista Kabula akakiacha kisanduku, akabonyeza mbele. Maandishi mekundu yakatoka. Akabonyeza tena, yakatoka tena. “Inakataa kuachwa,” akasema, si kwangu, kama anaiambia meza. Nilinyamaza kama nilivyoagizwa, na ndani yangu nilikuwa nakimbia. Mfumo ulikuwa unafunguliwa Jumatatu. Wafadhili walikuwa nyuma ya plaiwudi, niliwasikia wakisifu. Na ukurasa ule ulikuwa wangu. Sista Kabula akapeleka kidole chake juu ya herufi x, hakuigusa, akainua macho akanitazama. Nikaitikia kwa kichwa. Kidogo tu, kama unavyomwitikia mtu anayekuuliza kama kiti hiki kina mwenyewe. Akaandika x kwenye jina la kati, x kwenye la ukoo, ukurasa ukapita, akamaliza. “Mfumo ni mzuri,” akasema kwa adabu. Dativa aliporudi wale wanawake wawili walikuwa wameshashuka uani kula, na safu ya waliofaulu ilikuwa imejaa mwandiko wangu. “Hajakwama popote?” akauliza. Nikasema popote. Aliitazama ile safu, akafunga daftari.

Nimejiuliza mara nyingi kwa nini nilifanya vile, na jibu ni fupi kuliko ninavyopenda. Niliogopa kupunguzwa sifa. Hakuna kingine. Kama ningekuwa na sababu kubwa zaidi ningeiandika hapa.

Mfumo ukafunguliwa, tukapigwa picha. Miezi mitatu baadaye Injinia alitusomea barua wakati wa chakula, kijiko mkono mmoja, karatasi mkono mwingine. Ofisi ya wilaya ilikuwa imepitia kumbukumbu za zahanati zote na imegundua kwamba katika zahanati moja waume wa wajawazito karibu wote jina la kati na la ukoo ni x. Mfawidhi wake anatuhumiwa kuandikisha wajawazito hewa ili zahanati ionekane ina kazi. Amesimamishwa, na Alhamisi ya wiki inayofuata ataitwa mbele ya kamati. “Mtu mzima anaandika x,” akasema Injinia, na mezani wakacheka. Mama Zawadi alikuwa anagawa mchuzi. Mimi aliniwekea kichwa cha samaki bila kunitazama, kana kwamba siku ile alikiona changu kikiitikia. Dativa alikuwa ameacha kula. “Huyu si yule aliyekaa hapa?” akaniuliza. “Yule alifaulu, siyo?” Na mimi, mbele ya watu wote, mdomo ukiwa na wali, nikasema ndiyo, alifaulu.

Wiki ile sikulala vizuri wala sikukaa vizuri. Jumamosi nikaenda Kigongo, nikavuka, nikashuka ile njia ya vumbi hadi nyumba ya Sista Kabula nyuma ya zahanati. Nilijiambia naenda kumwomba radhi. Yeye nilimwambia nimepita kusalimia. Alinikaribisha sebuleni, kwenye viti vilivyotandikwa vitambaa vyeupe vya kufuma, kuta zimejaa vyeti vya semina na picha yake akimbeba mtoto wa kwanza aliyezaliwa zahanati ilipofunguliwa. Hakutaja barua. Aliniletea maji ya kunawa, kisha ugali wa muhogo na sato wa kuchemsha mwenye nyanya nyingi, akasema nile kwanza, barabara ina njaa, akarudi jikoni. Mlango wa nyuma ulikuwa na pazia tu. Nikamsikia mume wake.

“Huyu si ndiye aliyekuwepo siku ile?”

“Ndiye.”

“Basi mwambie Alhamisi aje aseme.”

“Mgeni ana tonge mkononi, nianze kumwambia habari za kesi?”

“Kabula, wanakutoa kazini.”

“Aliona,” akasema yeye, taratibu. “Nilimwuliza kwa macho, akaitikia. Mimi nikajua ndivyo inavyofanywa, nikafanya hivyo kwa kila mama. Kama ana la kusema atalisema. Sitamkaba kwenye chakula changu.”

Nilikula chakula chote, kwa sababu kukiacha kingekuwa tusi jingine. Aliporudi akauliza kama nimeshiba, nikasema nimeshiba, nikaaga. Kwenye kivuko nilizunguka kutoka ubavu huu hadi ubavu ule hadi mfanyakazi mmoja akaniambia, kijana, chagua upande ukae. Nadhani ule ndio umbali mrefu kuliko wote niliowahi kusafiri, na ni maji ya dakika chache.

Jumatatu asubuhi nilimweleza Dativa kibarazani, tumesimama. Alisikiliza mpaka mwisho. Nilitegemea anigombeze, nilikuwa nimejiandaa kabisa, hata majibu nilikuwa nayo. Alisema tu, “Uliandika kwenye daftari langu,” akaingia ndani, na kwa wiki mbili hakunisemesha zaidi ya kazi. Injinia yeye, nilipomweleza, alisema mengi. Alisema nikienda kwenye ile kamati wafadhili watasikia, mfumo utafungwa, na watu watano wenye familia watarudi mtaani kwa sababu ya kichwa changu. Hakuwa mtu mbaya, na alichosema kingeweza kutokea. Alhamisi alfajiri nilipofika kuchukua mkoba wangu, nikakuta mezani kwangu kauntabuku na tableti moja yenye chaji. Sikuhitaji kuuliza ni nani.

Kamati ilikuwa watu watatu nyuma ya meza ndefu: mwenyekiti mwenye miwani, karani, na mama mmoja mtu mzima aliyevaa kitenge na kuitwa mjumbe. Sista Kabula alikaa peke yake kwenye benchi, sare imenyooka vile vile. Sikuwa nimeitwa. Niliamkia, nikajieleza mlangoni, nikaruhusiwa, nikasema nilichokiona na nilichofanya kwa kichwa changu. Mwenyekiti akaomba daftari. Akalisoma, akalisoma tena, akanitazama juu ya miwani.

“Hapa umeandika amefaulu. Kila mahali. Sasa kijana, tuamini maandishi au tuamini mdomo?”

“Maandishi ni ya uongo, mzee. Niliyaandika mimi.”

“Na leo unasema kweli kwa sababu gani? Huyu ni ndugu yako?”

Nilitaka kusema mambo mia kwa wakati mmoja. Badala yake nikachukua tableti, nikaifungua kwenye ukurasa wangu, nikaipeleka kwa yule mama mjumbe kwa mikono miwili, nikamwomba kwa heshima ajiandikishe kama vile ni yeye mjamzito. Karani akacheka; mama mwenyewe akatabasamu, akavaa miwani yake, akaanza. Jina. Umri akauruka, tukacheka kidogo. Kijiji. Jina la mume akaliandika haraka. Kisha kidole kikasimama. Nikarudi nyuma hadi ukutani, nikakunja mikono kifuani, nikafunga mdomo. Mwenyekiti akauliza kuna tatizo gani. Yule mama akabonyeza mbele, maandishi mekundu yakatoka. Akayasoma. Akabonyeza tena. Sijui alikaa vile muda gani, lakini ndiyo mara ya kwanza katika maisha yangu nilikaa bila kutikisika, na sikutamani kumsaidia. Nilitamani akwame. Mwishowe akaisukuma tableti mbele ya mwenyekiti na kuvua miwani.

“Hiki nani alikiweka?” akauliza.

“Mimi, mama.”

“Kwenu ni wapi?”

“Misungwi.”

“Misungwi,” akarudia.

Tuhuma ya wajawazito hewa ilifutwa siku ile ile. Lakini kamati ikasema taarifa zisizo sahihi ni taarifa zisizo sahihi, ikampa onyo la maandishi, na ufawidhi akapewa mtu mwingine. Sista Kabula akabaki muuguzi wa kawaida kwenye zahanati aliyoifungua mwenyewe, akipokea maagizo ya kijana mdogo kwake kwa miaka ishirini. Hakuna aliyeninyang'anya mimi kitu. Wafadhili hawakuondoka. Visanduku vile vitatu nilivigeuza kuwa kimoja, kinachoweza kuachwa kitupu, na kazi hiyo ilichukua mchana mmoja, nilimaliza kabla ya chai ya saa kumi. Nilikaa nikiitazama skrini nikalia, na wenzangu wakajifanya wanaangalia barabarani. Wilaya ilituagiza kwamba kuanzia hapo hakuna ukurasa utakaotoka kabla ya kujazwa na watumiaji wenyewe, na Injinia, kwa kuagizwa wala si kwa kushawishika, akampa Dativa Jumatano zote.

Mgeni wa Jumatano ya kwanza Dativa alimchagua mwenyewe, na hakunishirikisha. Nilisikia hatua ngazini, nikamwona Sista Kabula mlangoni na mkoba wake. Nikamwamkia, akaitika. Dativa akamkalisha, akakaa kando yake, kisha akanisogezea kauntabuku. Alijaza ukurasa mpya wa tarehe za kliniki, mimi nikiandika. Kwenye kuchagua mwezi alirudi nyuma mara mbili, akatafuta, akapata. Alipomaliza Dativa akamshukuru na kumwonyesha kwamba chakula kiko tayari uani. Sista Kabula hakuinuka.

“Nisomee alichoandika,” akamwambia Dativa.

“Atakusomea mwenyewe,” akasema Dativa.

Nikasoma. Nikafika kwenye mwezi, nikasoma nilivyoandika, kwamba hapo alisita kidogo kisha akafaulu. Nikaishia hapo, nikamwambia, Sista, naomba unisamehe kwa yote yaliyokupata, kazi yako, jina lako, na chakula nilichokula nyumbani kwako nikanyamaza. Ndiyo mara ya kwanza nililisema neno hilo kwake. Alinisikiliza mikono ikiwa juu ya mkoba.

“Samahani yako nimeisikia,” akasema. “Sasa hapo kwenye mwezi, futa. Sikusita. Nilikwama. Andika nimekwama.”

Nikafuta, nikaandika kwenye safu ya pili: amekwama. Akaligeuza daftari upande wake, akalisoma neno lile kwa kidole, herufi moja moja, ndipo akainuka kwenda kula.